Ugonjwa wa Parkinson na Somo la Maisha ya Muhammad Ali

Ugonjwa wa Parkinson ni ugonjwa wa ubongo ambao humpunguzia mtu uwezo wa kuuamuru mwili wake. Miongoni mwa watu mashuhuri walioishi nao ni Muhammad Ali, bingwa wa masumbwi wa Marekani, aliyemshinda George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 42. Baba huyo wa watoto tisa aliishi nao kwa miaka 32, hadi alipofariki dunia Juni 3, 2016.

Chanzo

Katika ubongo wa kati kuna eneo lenye chembe hai za rangi nyeusi. Chembe hizo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo hupeleka ujumbe kwenye sehemu za ubongo zinazoratibu mwendo wa viungo. Kwa mgonjwa wa Parkinson, chembe hizo hufa polepole, na dalili hujitokeza baada ya nyingi kupotea. Kwa wagonjwa walio wengi sababu ya vifo hivyo haijulikani. Hata kuhusu Ali, wataalamu hawakuafikiana iwapo makonde ya kichwani yalichangia. Hata hivyo, ugonjwa huu hauambukizi.

Dalili

Mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, misuli hukakamaa, na hatua huwa fupi na nzito. Mwandiko huwa mdogo, sauti hufifia, na uso huwa kama umeganda.

Dalili hiyo ya uso huwaumiza sana jamaa wa mgonjwa. Baba aliyekuwa mcheshi huonekana amenuna, na watoto wakadhani amewakasirikia, kumbe ni misuli ya uso isiyotii. Upendo wake ungalipo. Kilichopungua ni uwezo wa kuuonyesha. Ali, aliyesifika kwa ufasaha, naye alififia sauti. Lakini mwaka 1996, mkono wake ukitetemeka, aliwasha moto wa Olimpiki mjini Atlanta mbele ya macho ya ulimwengu.

Tiba

James Parkinson, daktari wa London, alieleza habari za wagonjwa sita mwaka 1817. Dawa yenye nguvu ilipatikana katika miaka ya 1960, nayo ni levodopa. Dopamini yenyewe haiwezi kupenya kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Levodopa hupenya, kisha ubongo huigeuza kuwa dopamini. Dawa hii hupunguza dalili, lakini haizuii chembe kufa.

Levodopa imo pia katika mbegu za upupu, mmea unaojulikana kwa kuwasha. Hata hivyo kiasi chake hutofautiana baina ya mbegu na mbegu, hivyo ni hatari kujitibu kwa kubahatisha.

Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa wengi wa wagonjwa waliopatikana hawakuwa wametambuliwa kabla. Ni rahisi kudhani kwamba mzee anayetetemeka na kukokota miguu amechoshwa na umri tu. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali mapema, ahimizwe kufanya mazoezi, na nyumbani apewe muda wa kumaliza maneno yake.