Jina la mchele wa Kyela linalipa, lakini si kwa mkulima

UKIPITA katika soko lolote kubwa la nafaka jijini Dar es Salaam, hutakosa gunia lenye kibao cha ‘Mchele wa Kyela’. Kyela yenyewe ni wilaya ndogo, na sehemu kubwa ya ardhi yake imeshikwa na kakao, migomba na michikichi. Mwenye akili ya hesabu atajiuliza mchele wote huo unatoka wapi.

Jibu wanalo wafanyabiashara. Tuchukulie kilo 70 za mchele halisi zinachanganywa na kilo 30 za mchele wa bei nafuu, na tofauti ya bei ni shilingi 500 kwa kilo. Aliyechanganya anapata shilingi 15,000 za ziada kwa kila gunia la kilo 100. Mkulima wa Makwale hapati hata senti, ingawa kilichouzwa ni jina la kwao.

Yeye mara nyingi amekwishauza zamani. Wapo wanaopokea fedha mpunga ukiwa bado kijani, kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno. Wengine huuza mara tu baada ya kupura, tena kwa lumbesa, wakati bei iko chini. Anayesubiri, akakausha vizuri na kukoboa mwenyewe, huuza mchele badala ya mpunga na kubaki na pumba za mifugo.

Harufu iliyojenga sifa hiyo hutokana kwanza na mbegu. Udongo, maji, wakati wa kuvuna na ukaushaji navyo huchangia. Mbegu za asili zina harufu na ladha, lakini ni ndefu na huanguka upesi kwa upepo. SARO 5, iliyotolewa na watafiti wetu mwaka 2002, ni fupi na huzaa zaidi. Simlaumu mkulima anayeichagua ikiwa mnunuzi analipa bei ileile kwa zote mbili. Kwa bei hiyo, harufu ni hasara.

Hapo ndipo kakao inapoingia. Mwaka 2024 bei yake katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, kisha mwaka 2025 ikashuka sana. Mwenye shamba la juu kidogo lisilotuama maji ana sababu ya kupanda kakao, lakini wali wa kula na mbasa wa ziwani hautoki kwenye kakao.

Jimbo la South Carolina, Marekani, lilikuwa na mchele wake maarufu, Carolina Gold. Ulilimwa na Waafrika waliofanywa watumwa, wengi wakitoka maeneo ya mpunga ya Afrika Magharibi, na ujuzi wao ulitajirisha wengine. Baada ya utumwa kukomeshwa, vimbunga na ushindani wa majimbo yaliyolima kwa mashine viliua biashara hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka ya 1980 daktari wa macho, Richard Schulze, alipata mbegu kidogo kutoka hifadhi ya serikali akaipanda upya. Leo mchele huo unauzwa ghali. Bila hifadhi ile, asingekuwa na cha kupanda.

Wengine wamelinda jina mapema. Pilipili ya Penja ya Cameroon ilisajiliwa kwa jina la eneo lake mwaka 2013, na basmati nchini India mwaka 2016. Usajili wa aina hiyo huanza na wakulima kukubaliana mbegu ipi, kutoka wapi, ikaushwe vipi, na nani akague.

Kyela haianzi na mikono mitupu. Vyama vya ushirika vya kakao tayari vinapima, vinahifadhi na kuuza kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani. Chama kinachoweza kukataa kakao yenye unyevu kinaweza kukataa mpunga uliochanganywa. Kazi ya kwanza ifanyike shambani kabla ya mundu: kuchagua masuke ya mbegu ya asili iliyo safi, kuyakausha peke yake na kuyaweka mbali na mpunga wa kula.