Gesti Si Aibu: Malazi Nafuu na ya Heshima Hapa Stockholm



Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu. Wa kwanza ni mshikaji wa Kisumu, mama yake anakuja kwenye mahafali. Wa pili ni dada wa Bukavu, kaka yake anapita Stockholm siku nne. Wa tatu ni kijana mpya kutoka Mbeya ambaye hajapata chumba. Wote wanauliza: "Alale wapi bila kufilisika?" Nimeona badala ya kujibu mmoja mmoja, niandike mara moja tusome wote.

Kwanza tuseme ukweli. Kwetu mgeni halali hotelini. Mgeni akija analala nyumbani, hata kama wewe mwenyeji utahamia kwenye mkeka. Na neno "gesti" lenyewe lina sifa zake, si unajua! Ukisikika umempeleka mama mzazi gesti, wajomba wanaitisha kikao. Lakini chumba cha mwanafunzi hapa ni kitanda kimoja, meza moja na dirisha moja. Kumlaza mama wa miaka sitini sakafuni siku kumi, katikati ya baridi, nako si heshima. Kwa hiyo tutafute pa kumweka, ila kwa akili, maana hela yenyewe ni ya kubeba maboksi.

NILIVYOFUNDISHWA NA USIKU WA KWANZA

Mimi nilifika Stockholm mwezi wa nane, saa nne usiku, na begi la kilo 23. Nilikuwa nimelipia kitanda mahali fulani kwa sababu moja tu: kilikuwa cha bei ya chini kuliko vyote kwenye orodha. Nafika, mlango umefungwa. Hakuna mlinzi, hakuna kengele. Kumbe mapokezi yalifungwa saa kumi na mbili jioni, na namba ya kufungulia mlango walituma kwa ujumbe wa simu kwenye laini yangu ya Tanzania, ambayo huku ilikuwa imekufa kabisa.

Nilisimama nje karibu saa nzima mpaka mgeni mwingine aliporudi akanifungulia. Namba ya chumba sina, basi nikalala jikoni, kichwa juu ya meza. Asubuhi nikaambiwa nilipie shuka.

Siwalaumu sana. Masharti yote yalikuwa yameandikwa, mimi nilisoma bei tu. Na hilo ndilo ninalotaka tulishike leo: bei unayoiona kwanza si bei utakayolipa. Malazi ya Stockholm yanapimwa kwa kila kitu kilichoachwa nje ya bei hiyo.

VANDRARHEM NI KITU GANI

Jifunze neno hili la Kiswidi: vandrarhem. Ni hosteli ya wasafiri. Usidhani ni ya vijana wa mabegi mgongoni peke yao. Wazee wastaafu, familia zenye watoto, hata mafundi wa ujenzi wanalala humo. Ziko zenye mabweni ya vitanda vinne mpaka kumi na zaidi, na nyingi zina pia vyumba vya faragha vya mtu mmoja au wawili. Choo na bafu mara nyingi ni vya pamoja, na karibu kila mara kuna jiko.

Mila hii ni ya siku nyingi. Chama cha utalii cha Sweden, STF, kilianzishwa mwaka 1885, na hosteli zake zimesambaa nchi nzima. Ile meli nyeupe ya matanga unayoiona imetia nanga Skeppsholmen, af Chapman, iliundwa Uingereza mwaka 1888, na mwaka 1949 ikafunguliwa kuwa hosteli. Långholmen nako kulikuwa na gereza. Lilifungwa mwaka 1975, na mwaka 1989 likafunguliwa upya, safari hii kama hoteli na vandrarhem. Vyumba ni seli zilezile za zamani, ila siku hizi ufunguo unao wewe. Mama akiuliza, mwambie historia hiyo baada ya kulala, siyo kabla.

HESABU KABLA YA KUBONYEZA

Vandrarhem nyingi hazihesabu shuka, taulo wala kifungua kinywa ndani ya bei. Wengine hawaruhusu hata mfuko wako wa kulalia, lazima shuka. Na wengi wanategemea usafishe chumba mwenyewe unapoondoka, usiposafisha, unalipa.

Tuchukue mfano. Kitanda bwenini krona 290. Shuka 90. Taulo 30. Kifungua kinywa 110. Jumla 520 kwa mtu mmoja. Wakiwa wawili, mama na mdogo wako, ni 1,040. Sasa pembeni kuna hoteli ya kawaida, chumba cha watu wawili kwa krona 1,000, shuka, taulo na chai ya asubuhi vikiwa ndani. Umeona? Hoteli "ya ghali" imeshinda, na mama hapandi kitanda cha ghorofa.

Mtu mmoja mwenye shuka zake, anayejipikia, mambo yanageuka: vandrarhem inashinda kwa mbali. Ndiyo maana nasema piga hesabu kila mara. Jambo moja zuri ni kwamba bei anayotangaziwa mnunuzi wa kawaida huku tayari ina kodi ndani yake, hivyo hapo hupigwi chenga.

MBALI SI GHALI

Wageni wengi wanang'ang'ania kulala katikati ya mji. Tangu Januari 2017 SL walifuta kanda za nauli, kwa hiyo tiketi moja ina bei ileile uende kituo cha pili au ukatembee mpaka mwisho wa reli, ndani ya dakika 75. Tafuta basi hoteli za Kista, Flemingsberg, Sollentuna au Skärholmen, mradi iwe karibu na kituo. Lakini pima kwa miguu, si kwa jicho. Dakika 15 kutoka kituoni ni sawa kwako wewe. Kwa mama mwenye magoti, kwenye barafu ya mwezi wa kwanza, si sawa.

Kutoka Arlanda, ukipanda treni pale chini ya uwanja unalipishwa ada ya ziada ya kituo. Mwenye kubana matumizi huchukua basi 583 mpaka Märsta, halafu treni ya pendeltåg mpaka mjini, yote kwa tiketi ya SL.

KADI, PASI NA MLANGO

Wenzetu waliosoma China wanajua taabu nyingine. Kule kila mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, na kwa miaka mingi hoteli nyingi za bei nafuu zilikuwa zikiwarudisha wageni mlangoni, ati hazina kibali cha kuwapokea. Mwaka 2024 serikali ikatangaza kwamba zisikatae tena kwa sababu hiyo. Hapa Sweden kizuizi hicho hakuna. Utaonyesha pasi na pengine kujaza fomu fupi, basi. Na ukikataliwa kwa sababu ya rangi au asili yako, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2009 inakulinda na unaweza kupeleka malalamiko kwa DO, ofisi inayoshughulikia ubaguzi.

Kizuizi cha huku ni kadi. Sehemu nyingi hazipokei noti kabisa. Swish haimsaidii mgeni, maana inataka akaunti ya benki ya huku. Kwa hiyo mgeni wako awe na kadi yenye jina lake, au ulipe wewe mapema na upate risiti yenye jina lake. Ujue pia kwamba hoteli inaweza kuzuia kiasi fulani cha fedha kwenye kadi kama dhamana, na kurudi kwake huchukua siku kadhaa. Usimwache mama na kadi yenye krona 200.

VIZA KWANZA

Hapa nawaomba msome pole pole, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Maombi ya viza ya Schengen yanataka ushahidi wa mahali pa kulala. Mtu anaona bei mbili: moja ya chini isiyorudishwa, nyingine juu kidogo unayoweza kufuta bure. Anachukua ya chini. Viza ikikataliwa, hela imekwenda. Kabla ya viza kutoka, chukua ile ya kufuta bure tu. Ikishatoka, unaweza kutafuta bei nzuri zaidi kisha ukaifuta ya kwanza, ila tarehe na mpango wa safari vibaki vilevile.

Angalia na msimu. Mwezi wa nane wanafunzi wapya tunamiminika, vitanda vinaisha. Wiki ya Nobel, kuelekea tarehe 10 Desemba, hoteli zinapanda. Hoteli za wafanyabiashara, kinyume chake, mara nyingi hushuka mwisho wa wiki na mwezi wa saba, Waswidi wakiwa likizo.

Na jihadhari na matapeli. Ukipata ujumbe kwamba "hoteli" inataka uhakiki kadi yako kupitia kiungo fulani, usikiguse. Piga simu hoteli kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

MASWALI SITA YA KUULIZA

1. Shuka, taulo, kifungua kinywa na usafi vimo kwenye bei?
2. Mapokezi yanafungwa saa ngapi, na namba ya mlango inakuja kwa barua pepe?
3. Chumba kina dirisha? (Vya bei nafuu mjini vingine havina, na wanaandika kwa maandishi madogo.)
4. Choo kiko wapi, na kuna lifti?
5. Mizigo inaweza kubaki baada ya kutoka saa tano asubuhi? Kabati linahitaji kufuli lako?
6. Nikifuta, narudishiwa kiasi gani na mpaka lini?

Wasipojibu, hamia kwingine.

Mama yangu alikuja mwaka jana. Nilimtafutia chumba cha faragha kwenye vandrarhem moja, hatua chache kutoka kituoni, nikapeleka shuka kutoka kwangu. Moyoni nilikuwa na aibu, nikijua Tanga watauliza alilala wapi. Siku ya pili nafika asubuhi, namkuta jikoni anachemsha chai ya tangawizi, mezani wamekaa bibi wawili wa Kiswidi na vikombe vyao, hawaelewani hata neno moja, wanacheka.

Akaniambia, "Mwanangu, gesti ya huku mtu anaosha sufuria mwenyewe!" Halafu akaongeza kwamba kwenye simu ameshawaambia wote nyumbani, na kwamba kitanda kilikuwa kizuri kuliko cha kwangu.

Mwenye uzoefu mwingine alete tujifunze. Kwa leo naomba niishie hapa. Tuko pamoja.