Je, Wajua? Mshindi wa Oscar aliyekuwa mbunge

Glenda Jackson, binti wa fundi mwashi wa Birkenhead, Uingereza, alifanya kazi katika duka la dawa kabla ya kusomea uigizaji London. Alitwaa Oscar mbili, kwa filamu za Women in Love na A Touch of Class, wala hakuhudhuria sherehe hata moja kuzipokea. Mwaka 1992 aliacha uigizaji, akagombea ubunge kwa tiketi ya chama cha Labour, akashinda na kukaa bungeni miaka 23.

Wengine hapo wangestaafu. Yeye, akiwa na miaka 80, alirudi jukwaani katika ukumbi wa Old Vic mwaka 2016 kuigiza Mfalme Lear, tena mhusika mwanamume! Mwaka 2018 akanyakua tuzo ya uigizaji wa jukwaani ya Tony huko New York. Alifariki Juni 2023. Filamu yake ya mwisho, aliyoigiza na Michael Caine, ilitoka miezi michache baadaye.