Msowero: Chanjo ya Mtoto Haingoji Mavuno

Mtoto anayezaliwa Msowero, wilayani Kilosa, mwanzoni mwa Februari hutimiza wiki 6 katikati ya Machi, wiki 10 katika Aprili na wiki 14 katika Mei. Hesabu hiyo inameza masika yote. Mpunga unataka palizi, kisha unataka mtu wa kuamia ndege. Vijia vya kutoka vitongojini vinateleza. Na wakulima wengine wa Kilosa huhamia mashambani na watoto wao. Baba anasema, "Tutampeleka tukishavuna." Hajakataa chanjo. Ila kuna magonjwa ambayo kwayo kungoja mavuno na kukataa ni jambo moja, na hili ndilo ambalo wazazi wengi hawajaelezwa vya kutosha.

Tuanze na kifaduro. Mtu mzima akikipata hukohoa wiki kadhaa na kupona. Mtoto wa miezi miwili anaweza asikohoe kabisa. Anasimama kupumua, anageuka rangi, na wengi wanaokufa kwa ugonjwa huu ni wa umri huo. Chanjo inayomkinga ni ile ya magonjwa matano, pamoja na dondakoo, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Inaanza wiki ya 6 kwa sababu hatari nayo imeshaanza. Dozi ya kwanza huufundisha mwili kumtambua adui, lakini ulinzi wake ni hafifu. Ya pili na ya tatu ndizo zinazouimarisha, na kati ya moja na nyingine mwili unahitaji angalau wiki 4. Siku hizo hizo mtoto hupewa matone ya polio na sindano ya kukinga nimonia, na katika baadhi yake matone ya rota. Rota ni kirusi cha kuharisha, na kinawaumiza zaidi wachanga, ambao miili yao huishiwa maji kwa saa chache.

Surua ina hesabu yake, na mzazi ana haki ya kuuliza: kama ni hatari hivyo, kwa nini tusubiri miezi 9? Jibu liko kwa mama. Mimba inapokaribia kutimia, mama humpitishia mtoto kinga zake kupitia kondo la nyuma. Kinga hizo humlinda miezi ya mwanzo, lakini pia huidaka chanjo na kuizima kabla haijafanya kazi. Ukichanja mapema mno, sindano inaweza kupotea bure. Ukichelewa sana, kinga ya mama imekwisha na mtoto yuko wazi. Miezi 9 imechaguliwa katikati ya hatari hizo mbili. Hata hapo, kati ya watoto 100 wanaochanjwa, takriban 85 tu ndio wanaopata kinga. Ndiyo maana kuna dozi ya miezi 18, iliyoingia katika ratiba ya Tanzania mwaka 2014. Mtoto akiwa anatembea na kadi imepotelea sandukuni, dozi hiyo husahaulika kirahisi, na sioni dozi inayodharauliwa zaidi yake.

Surua haisamehe mapengo hayo. Mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 hadi 18, na virusi vyake hubaki hewani kwa saa mbili hivi baada ya yeye kuondoka chumbani. Mwaka 2022 iliua watoto mkoani Katavi. Inaweza pia kuufuta uwezo wa mwili kukumbuka magonjwa uliyokwisha kuyashinda, hata aliyepona akaja kuzidiwa na nimonia miezi kadhaa baadaye.

Hofu za wazazi zinastahili majibu, si karipio. Homa ya siku moja au mbili, uvimbe pajani na kilio cha usiku ni vya kawaida. Kidonda cha bega kinachotokea wiki chache baada ya chanjo ya kifua kikuu kiachwe kikauke chenyewe, kisipakwe dawa wala majani. Mafua au kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha. Kuhusu uvumi kwamba chanjo hufunga uzazi: mwaka 2003 uvumi huo ulisimamisha chanjo ya polio katika jimbo la Kano, Nigeria, na kirusi kutoka huko kikasafiri hadi Indonesia. Tanzania imekuwa na mpango wa chanjo za watoto tangu 1975. Waliochanjwa miaka ile ni bibi na babu leo.

Aliyechelewa aende hata hivyo. Dozi za nyuma hazifutiki na hakuna kuanza upya. Muuguzi anaendelea pale mtoto alipoishia. Kwa wafugaji wanaofuata malisho, kadi isafiri na mtoto, kwa maana chanjo hizi hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali popote nchini.

Lakini si kila kuchelewa ni kwa mzazi. Chanjo ya kifua kikuu na ya surua-rubella huja kama unga, katika kichupa cha dozi nyingi. Ukishachanganywa na maji yake, kinachobaki hutupwa ndani ya saa 6. Kwa kuogopa kutupa, mhudumu humwambia mama aliyekuja peke yake arudi siku ambayo watoto watakuwa wengi. Mama huyo ametembea na mtoto mgongoni, ameacha shamba, na pengine ameomba ruhusa kwa mkwe. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, nami naona hivyo hivyo: dozi zilizotupwa zinaagizwa tena, lakini mama aliyerudishwa huenda asionekane hadi mpunga uingie ghalani. Viongozi wa afya wa wilaya wakitaka kujua kwa nini kadi zina mapengo, waanze kwa kuuliza ni akina mama wangapi walifika na wakaambiwa warudi.