Rimoti ya gari ikigoma, usikimbilie kununua nyingine

Gari likishazeeka, rimoti ya kufungia milango huanza visa: leo inakubali baada ya kubonyezwa mara tatu, kesho inakataa kabisa. Wengi huambiwa wanunue ufunguo mpya, na bei yake huuma kwa sababu lazima pia uprogramiwe. Lakini mara nyingi kinachokufa ni sehemu zinazochakaa kwa matumizi: betri, vibati vinavyoishika na swichi za vitufe. Hizo zinatengenezeka kwa gharama ndogo.

Kabla ya kuifungua, jaribu rimoti ya akiba. Zote mbili zikigoma, yaelekea tatizo liko kwenye gari lenyewe. Bonyeza swichi ya milango iliyo upande wa dereva. Milango ikijifunga, mota za kufuli ni nzima, na fundi aangalie fyuzi na kipokezi cha mawimbi.

Ikigoma moja tu, anza na betri. Nyingi ni za volti 3, aina ya CR2032 au CR2016. Tarakimu mbili za kwanza ni kipenyo, milimita 20; mbili za mwisho ni unene, milimita 3.2 au 1.6. Ndiyo maana huwezi kuweka moja mahali pa nyingine: nyembamba italegea. Usiiamini mita peke yake, kwani betri iliyochoka huweza kuonyesha volti 3 ikiwa imetulia, kisha ikashuka unapobonyeza kitufe. Jaribu mpya. Ile ya zamani iweke mbali na watoto: ikimezwa huunguza koo ndani ya saa mbili tu, na mtoto anapaswa kukimbizwa hospitali bila kusubiri dalili.

Betri mpya isiposaidia, safisha vibati kwa pamba yenye spiriti, ukiinue taratibu kile kilicholegea. Kisha chunguza swichi. Kitufe kimoja kikifanya kazi na kingine kikagoma, swichi ndiyo ya kushukiwa. Toa betri, weka mita kwenye kipimo cha mlio, gusisha ncha zake pande mbili za swichi, halafu bonyeza. Mita isipolia, swichi imekufa. Ikilia, tazama kama risasi iliyoishikiza kwenye bodi imepasuka. Fundi simu mwenye pasi nyembamba ya kulehemu anaimudu kazi hii.

Wakati mwingine rimoti ni nzima ila imepishana na gari. Katika mifumo mingi, kila unapobonyeza, msimbo mpya hutumwa, na gari hukubali ile michache tu inayofuata. Mtoto akiichezea sana mbali na gari, rimoti hutangulia mno. Kitabu cha gari hueleza namna ya kuvilinganisha upya.

Jihadhari zaidi unapobadilisha kava. Katika funguo nyingi za tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mna chipu ndogo isiyotumia betri. Hupata nguvu kutoka koili iliyozunguka swichi ya kuwashia gari, kisha huithibitishia kompyuta kwamba ufunguo ni halali. Mara nyingi chipu hiyo imejificha kwenye plastiki, mbali na bodi. Ikipotea, milango itafunguka lakini injini haitawaka. Usitupe kava la zamani mpaka gari limewaka kwa ufunguo ulio katika kava jipya.

Kama maji yameila bodi, hapo nunua nyingine, lakini usidanganywe na umbo. Rimoti za Ulaya kwa kawaida hutumia megahezi 433.92, za Marekani 315. Mbili zinazofanana sura huenda zisielewane na gari moja. Na ukiwa na ufunguo mmoja tu, tengeneza wa pili sasa. Fundi mwenye ufunguo unaofanya kazi mkononi ana kazi nyepesi kuliko anayeanza bila wowote, na tofauti hiyo utaiona kwenye bei.