Lishe ina wahitaji wengi, mlipaji ni nani?

Iringa, Njombe na Rukwa hazijulikani kwa njaa. Huko ndiko yanakotoka mahindi yanayosagwa Dar es Salaam, viazi vya chipsi za mjini, maharage na maziwa. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe na Rukwa zilikuwa kwenye asilimia 50 hivi, wakati wastani wa taifa ni 30. Mwanafunzi anayetaka kusomea lishe huonyeshwa takwimu hizi kama ushahidi kwamba kazi haitamkosa. Kazi ipo kweli, tena tele. Ugumu uko kwenye mshahara.

Chuo kinachotajwa kwanza ni Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, chenye shahada ya miaka mitatu ya lishe ya binadamu. Wengi huingia wakiwa na baiolojia na kemia za kidato cha sita, na wapo waliosoma mchepuo wa CBN (kemia, baiolojia na lishe), ambao wazazi wengi hawajawahi kuusikia. Wazazi haohao hudhani binti yao anakwenda kujifunza mapishi, kumbe mwaka wa kwanza ni bayokemia inayomtoa jasho.

Akihitimu, macho yote ni serikalini. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na leo halmashauri zina maofisa lishe. Tangu 2017 wakuu wa mikoa husaini mkataba wa lishe, na halmashauri huagizwa kutenga angalau Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani. Piga hesabu: halmashauri yenye watoto 40,000 itatenga Sh40 milioni kwa mwaka, nazo ni za shughuli. Haziongezi kiti cha ofisa mwingine. Mhitimu hubaki kufuatilia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, au anajitolea kwenye kituo cha afya kwa nauli tu.

Wafadhili waliwahi kuwa mlango wa pili. Miradi kama Lishe Endelevu, uliogharamiwa na Marekani, ilichukua wahitimu na kuwalipa vizuri kuliko halmashauri. Mlango huo umebanwa sana tangu Januari 2025, Washington iliposimamisha misaada yake ya nje na baadaye kulifunga shirika lake la USAID. Ajira ya mradi huisha na mradi. Safari hii iliisha hata kabla ya mradi.

Hospitali zinakuja juu, ila polepole. Zaidi ya theluthi ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini wana uzito uliozidi, na wagonjwa wa kisukari, presha na figo wanahitaji mtu wa kuwapangia mlo wanaoumudu, siyo orodha ya vyakula vya supamaketi. Shida ni kwamba mgonjwa analipia dawa bila kunung'unika, lakini ushauri anauona maneno matupu. Nafasi hiyo wameijaza wauza dozi za kupunguza kitambi wa Instagram. Kenya ilitunga sheria ya wataalamu wa lishe mwaka 2007 na kuunda taasisi ya kuwasajili. Usajili hauwamalizi matapeli, lakini unampa mteja pa kuuliza kabla hajatoa fedha.

Pesa ambayo wahitimu wachache wanaitazama iko kwenye unga. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka msingi wa kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Viwanda vikubwa vya ngano ni vichache, kwa hiyo vinafuatilika. Mahindi ndiyo mtihani, maana sembe ya nchi hii inasagwa na mashine ndogo zilizotapakaa kila mji. Kampuni ya Sanku imejaribu njia ya kuvutia: inafunga kwenye mashine kifaa kinachopima na kuongeza kwenye unga madini ya chuma na zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, kisha inamuuzia msagaji mifuko mitupu ya kufungashia. Mifuko hiyo inanunuliwa kwa jumla, na nafuu ya bei inalipia virutubishi. Msagaji haongezi gharama, wala mlaji hapandishiwi bei. Biashara ya namna hiyo inataka mtu anayejua vipimo vya chuma na pia bei ya mfuko.

Unga wa lishe nao umekuwa biashara ya kila mtaa: mahindi, ulezi, soya na karanga kwenye kifungashio chenye picha ya mtoto mnene. Wengi wanaousaga hawapimi chochote, na karanga na mahindi ndiyo makazi ya sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Mtaalamu anayeweza kupima malighafi, kupanga uwiano wa mchanganyiko na kumpitisha mjasiriamali kwenye masharti ya Shirika la Viwango (TBS) anauza huduma ambayo mteja anaiona faida yake: mzigo haurudishwi na duka kubwa linaupokea. Kwa maoni yangu hapa ndipo ajira binafsi ya fani hii ilipo, kuliko kwenye ofisi ya ushauri yenye kiti na mizani.

Vyuo vinaweza kusaidia bila kuongeza somo hata moja. Wanafunzi wanaopelekwa halmashauri kwa mafunzo ya vitendo, sehemu yao ipelekwe kwenye mashine za kusaga na soko la mahindi la Kibaigwa, wakae hapo msimu mzima wa mavuno.