Mashindano ya roboti: mlango mgumu ni viza

Mwanafunzi wa Mambasa mwenye kipaji cha kutengeneza roboti anaweza kuwaza kwamba kazi kubwa ni mashine yenyewe. Lakini mashindano ya kimataifa yameonesha kitu kingine: timu inaweza kukwama kwenye makaratasi, roboti ikiwa tayari.

Yanaendaje?

Wanafunzi wa iniversite wana mashindano yao, sawa vile RoboCup, iliyoanza mwaka 1997 kule Nagoya, Japani, ambako roboti zinacheza mpira. Vijana wa sekondari, miaka 14 hadi 18, wana FIRST Global, iliyoanza Washington, Marekani, Julai 2017, na nchi zaidi ya 150. Kila nchi inapewa vifaa vilevile, tajiri na maskini. Uwanjani, nchi tatu zinashirikiana kupambana na tatu zingine. Mwaka ule roboti zilitenganisha mipira ya bluu, mfano wa maji safi, na ya rangi ya chungwa, mfano wa uchafu.

Wasichana wa Herat

Timu ya wasichana wa Afghanistani ilitoka Herat. Kuomba viza, ilibidi wasafiri kilomita karibu 800 hadi Kabul, nchi ikiwa vitani. Walikataliwa. Wakaenda tena, wakakataliwa tena. Vifaa vyao navyo vilikawia kwenye duane. Ikafikia hatua roboti iende peke yake, wao waangalie kwa intaneti. Rais Donald Trump alipoingilia kati, waliruhusiwa siku chache tu kabla ya mashindano. Walirudi na medali ya fedha kwa ujasiri wao.

Mtu wa Ituri anaelewa safari hiyo. Ubalozi wa Marekani uko Kinshasa: kutoka Mambasa ni barabara kwanza, kisha ndege, na nauli hairudishwi ukikataliwa.

Kwa nini wanakataa?

Sheria ya Marekani inamhesabu mwenye kuomba viza ya matembezi kama mtu anayetaka kubaki huko, mpaka yeye mwenyewe aoneshe kwamba atarudi. Kijana hana mshahara, hana nyumba, hana watoto wa kulea. Njo maana anaanguka kirahisi.

Katika mashindano yaleyale, wanafunzi sita wa Burundi walitoweka mwishoni. Polisi ilisema wawili walionekana wakivuka kuingia Kanada. Nchi yao ilikuwa katika mgogoro tangu 2015. Lakini tukio la namna hiyo linaweza kumzidishia maswali kijana mwingine wa eneo letu atakayefika dirishani kesho.

Kujitayarisha

FIRST Global inahama: Dubai 2019, Geneva 2022, Singapore 2023, Athens 2024. Kwa hiyo ubalozi wa kuendea unabadilika pia. Shule ao iniversite inayotaka kushiriki iulize mapema nchi gani itapokea. Pasipoti zitafutwe kabla ya mota na nyaya. Barua ya mwaliko, ya shule inayothibitisha masomo yanaendelea, na ruhusa ya wazazi vikae pamoja.

Ujuzi hapa nchini upo. Mwaka 2013, roboti za kuongoza magari ziliwekwa barabarani Kinshasa, kazi ya wahandisi wa Kongo wakiongozwa na mama Thérèse Izay Kirongozi. Kijana wa Mambasa anaweza kujifunza kuunda roboti. Makaratasi yanahitaji wakubwa wake waanze mapema.